Sakulenti: Mimea ya mkebe iliyo kwao Dagahaley

Katika Dagahaley, mojawapo ya kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, maji huhesabiwa kwa mtungi. Kigezo kinachofuatwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku. Ndani ya lita hizo mna ya kunywa, ya kupikia, ya kutawadha, ya kuogesha watoto na ya kufulia. Mama akisema anataka maua mlangoni pake, jirani ana haki ya kumuuliza atayanywesha nini.

Jibu lipo. Iko mimea ambayo kikombe kimoja cha chai huitosha kwa wiki nzima, wakati mwingine mbili. Huweka maji katika majani manene, katika shina au katika mizizi, kisha huyatumia kidogo kidogo hadi mvua nyingine inyeshe. Wauza miche jijini Nairobi huiita sakulenti, na jina hilo limeshika.

Tupige hesabu kidogo. Familia yenye mikebe kumi, kila mmoja ukipewa robo lita mara moja kwa siku kumi, inatumia lita mbili na nusu katika siku hizo zote. Hiyo ni robo lita kwa siku kwa bustani nzima. Maji ya udhu peke yake, yakikingwa kwa karai badala ya kuachwa yamwagike mchangani, yanatosha na kubaki. Hayana sabuni wala mafuta, na mmea hauyakatai. Yaliyooshea mchele pia yanafaa. Yasiyofaa ni ya kufulia na yale ya kupikia yaliyotiwa chumvi.

Kwa hiyo swali la maji lisimzuie mtu. Linalozuia ni dhana kwamba mimea hii ni pambo la ofisi za Westlands na madirisha ya matajiri, kitu kilicholetwa na meli. Dhana hiyo si sahihi, na watu wa kaskazini mashariki ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kuikataa.

NASABA YAO IKO HUKU

Nchi kavu inayoanzia Garissa, ikapita Wajir na Mandera na kuingia Somalia na Ethiopia, ni sehemu ya Pembe ya Afrika, na Pembe ya Afrika ni mojawapo ya maeneo yenye utajiri mkubwa wa sakulenti duniani. Mishubiri, ambayo Wasomali huiita dacar, ina makumi ya aina nchini Kenya pekee. Mimea ya jamii ya yuforbia, ile yenye utomvu mweupe, ina aina nyingi zisizoota popote pengine isipokuwa Somalia. Mkonge wa porini, wenye majani marefu magumu yaliyochongoka, umetoa nyuzi za kamba kwa wafugaji kwa vizazi vingi. Leo jamaa zake huuzwa katika vyungu vya kaure jijini na kusifiwa kuwa hazifi hata mwenyewe akisahau kumwagilia.

Mfano mzuri zaidi ni waridi la jangwani, ambalo wanasayansi huliita Adenium obesum. Huota lenyewe katika vichaka vikavu vya Kenya, kuanzia pwani hadi kaskazini, na upande wa pili wa mpaka. Shina lake huvimba chini kwa maji, matawi yake ni mafupi, na wakati wa ukame huwa halina hata jani moja. Kisha siku moja hutoa maua ya waridi yenye koo jeupe juu ya matawi hayo matupu. Wakulima wa Thailand na Taiwan wamelizalisha hadi likawa na maua ya rangi nyingi na yenye tabaka mbili tatu za petali, na wanaliuza dunia nzima. Asili yake ni Afrika na Arabuni.

Wataalamu walilitambua hili mapema. Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mwanabotania katika makavazi ya Nairobi, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya na kuchora sakulenti za Afrika Mashariki, na mwaka 1961 akachapisha kitabu kizima juu ya kundi moja tu la mimea hiyo, Monadenium. Alifanya hivyo wakati wengi waliopita nchi hii waliiona kuwa miiba mitupu.

KINACHOFANYIKA USIKU

Siri ya mimea hii iko katika saa za kupumua. Mmea wa kawaida, kama sukumawiki, hufungua vitundu vidogo vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni ya kutengenezea chakula. Vitundu vikiwa wazi, maji nayo hutoroka. Kwenye joto la Dagahaley, linalofika nyuzi 35 na kuzidi, hasara hiyo ni kubwa. Sakulenti nyingi hufunga vitundu mchana na kuvifungua usiku, hewa inapopoa. Kaboni inayoingia usiku huwekwa kwa muundo wa asidi hadi kukicha, kisha jua hutumika kuigeuza chakula huku milango yote imefungwa.

Jambo hili liligunduliwa kwa ulimi. Mwaka 1815 zilichapishwa habari za Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India, kwamba majani ya kalankoe aliyoyaonja asubuhi yalikuwa makali kwa uchachu, na kufikia alasiri uchachu ulikuwa umetoweka. Asidi ya usiku ilikuwa imetumika. Msomaji asijaribu kuonja, kwa kuwa mimea mingi ya kundi hili ina sumu, lakini akumbuke maana yake kwa mkulima wa mkebe: mmea huu hufanya kazi yake ya kuvuta hewa gizani. Ndiyo maana wengi humwagilia jioni, jua likishatua na mkebe ukishapoa.

MKEBE NA MCHANGA

Chombo kipo tayari. Mafuta ya kupikia ya msaada yaliletwa kambini kwa miaka mingi yakiwa ndani ya mikebe, na watu wa Dadaab waliifanya mikebe hiyo kila kitu, hata wakaikunjua kuwa milango na madirisha. Mkebe wa maziwa ya unga, mtungi uliopasuka na kukatwa nusu, sufuria iliyotoboka: vyote vinafaa. Kinachotakiwa ni tundu chini. Chukua msumari wa inchi nne na jiwe, utoboe matundu matano au sita ukipigilia kutoka ndani kwenda nje, ili kingo zilizochanika zibaki nje na maji yasituame. Weka mkebe juu ya vijiwe vitatu ili matundu yasizibwe na mchanga wa chini.

Bati lina ubaya wake. Saa saba mchana, mkebe ulioachwa juani hupika mizizi. Uvike gunia, au upake chokaa, au uuingize ndani ya chombo kikubwa zaidi na kujaza mchanga katikati. Mwenye chungu cha udongo ana nafuu, kwa kuwa chungu hupitisha hewa na hukauka upesi.

Udongo ndio unaoamua kama mmea utaishi. Vumbi jekundu laini la uani lisitumiwe peke yake. Likilowa hushikana, na mizizi hukosa hewa. Chota mchanga mnene wa laga (mkondo wa mto wa msimu), ule wenye chembe unazozihisi kwa vidole, na uusafishe kwa maji kama una magadi. Changanya makopo mawili ya mchanga huo na kopo moja la samadi ya mbuzi. Samadi Dagahaley si tatizo, maana soko la mifugo liko pale pale, ila iwe imekaa miezi hadi ikaoza na kupoteza harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ongeza vipande vidogo vya mkaa kutoka jikoni. Ukishika mchanganyiko huo ukiwa umelowa na kuufinya, ukifungua kiganja unapaswa kusambaratika. Ukibaki donge, ongeza mchanga.

MAJI: MENGI KWA MARA MOJA, KISHA KIMYA

Sakulenti nyingi za mikebe hufa kwa maji. Mtu huona joto, huuhurumia mmea, huunyunyizia kila jioni, na baada ya wiki tatu shina linalainika na kunuka. Kanuni ni kumwagilia hadi maji yatoke chini, kisha kuacha hadi udongo ukauke kabisa. Kujua umekauka, chomeka kijiti cha mswaki hadi chini ya mkebe, ngoja kidogo, uchomoe. Kikitoka na chembe za udongo zilizoganda, subiri siku nyingine.

Waridi la jangwani hujieleza lenyewe kwa mkono. Bonyeza shina lake nene kwa kidole gumba. Likiwa gumu, lina akiba. Likiwa laini na udongo ni mkavu, lina kiu. Likiwa laini na udongo umelowa, linaoza, na hapo hakuna wakati wa kupoteza. Litoe kwenye mkebe, ukate sehemu iliyooza kwa kisu kisafi, uendelee kukata hadi nyama yake iwe nyeupe bila doa la kahawia, upake unga wa mkaa kwenye jeraha, na uliache kivulini kwa wiki moja au zaidi bila udongo wala maji. Kidonda kikikauka na kufanya gamba, lipandwe upya kwenye mchanga mkavu.

Kalenda ya hapa inajulikana kwa majina ya Kisomali, na inafaa bustani vizuri. Wakati wa jilaal, kati ya Januari na Machi, joto ni kali na mimea mingi hulala. Punguza maji, na waridi lililopukutisha majani yote liachwe lipumzike. Gu inapoanza kunyesha, kuanzia Aprili, toa mikebe nje inyeshewe. Maji ya visima vya Dadaab, yanayovutwa kutoka hifadhi ya chini ya ardhi ya Merti, huwa na madini, na baada ya miezi utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa mkebe. Mvua huosha chumvi hiyo yote. Hagaa, kuanzia Julai, huleta upepo na vumbi. Weka jiwe zito ndani ya mkebe usipinduke, na upanguse majani. Deyr ya Oktoba hadi Desemba ni nafasi ya pili ya kukua, lakini yaweza kuzidi. Mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yaliingia kambini na kuhamisha maelfu ya watu, kama yalivyofanya yale ya 1997. Bustani ya mikebe hunyanyuliwa juu ya meza au paa la banda kwa dakika chache. Iliyoko ardhini haina pa kukimbilia.

JUA, MBUZI NA UTOMVU

Jua la asubuhi ni dawa. La saa nane ni adhabu kwa mche mdogo. Upande wa mashariki wa nyumba ndio mahali pake, au chini ya mwarobaini, mti uliopandwa katika nyua nyingi za Dadaab kwa ajili ya kivuli. Mmea uliozoea kivuli usitolewe juani ghafla. Uzoeshe saa moja, halafu mbili, kwa wiki mbili hivi. Majani ya mshubiri yakigeuka mekundu au ya kahawia, unaomba kivuli au maji. Shina likirefuka na kupauka, unatafuta mwanga.

Mbuzi ni adui anayejulikana, na ua wa miiba humzuia. Wadudu ni wadogo zaidi na hujificha. Vidukari vya manjano hupenda vichipukizi vya waridi la jangwani. Vidung'ata, vile vyeupe vyenye unga unaofanana na pamba, hukaa kwenye makutano ya majani na hata kwenye mizizi. Vipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha suuza. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha hutoa maji machungu ya kunyunyizia, na hayagharimu chochote.

Mzazi asipuuze hili: utomvu wa waridi la jangwani ni sumu, na wawindaji katika sehemu nyingi za Afrika waliupaka kwenye mishale. Maziwa ya yuforbia huchoma ngozi na yanaweza kudhuru macho vibaya. Mtu akirukiwa jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi mara moja na apelekwe hospitalini. Mwenye watoto wadogo aanze na mshubiri au kalankoe iliyowekwa juu, na aoshe mikono kila anapokata shina lolote.

KUZALISHA BILA KUNUNUA

Hapa ndipo mimea hii inapowafaa watu wasio na fedha za ziada. Mshubiri mkubwa huzaa vichipukizi pembeni. Kikifika urefu wa kidole, kitenganishe pamoja na mizizi yake. Jani la mkonge wa porini hukatwa vipande vya urefu wa vidole vinne na kila kipande huota, mradi usikipindue: upande uliokuwa chini ubaki chini. Kalankoe huota hata kwa jani moja. Sheria ni moja kwa vyote: jeraha likauke kivulini siku tatu hadi saba kabla ya kugusa udongo, na maji yasubiri siku kadhaa zaidi.

Waridi la jangwani lina njia mbili. Tawi lililokatwa huota, lakini mara nyingi halifanyi lile shina nene la chini ambalo ndilo uzuri wake. Anayelitaka aanze na mbegu. Tunda lake huwa pacha, mawili yaliyoungana shingoni na kutanuka mithili ya pembe za ng'ombe. Huanza kijani, hugeuka kahawia, halafu siku moja hupasuka kwa urefu. Ndani mmejaa mbegu nyembamba za kahawia, kila moja ikiwa na kishungi cha nywele laini huku na huku, na upepo wa dakika moja huzipeleka zote. Kwa hiyo tunda likianza kubadilika rangi, lifunge kwa uzi mara tatu au ulivike kipande cha chandarua kilichochakaa. Likipasuka, mbegu zitakungoja. Ng'oa vishungi, zilaze juu ya mchanga uliolowa, zifunike kwa mchanga kidogo sana, na uweke kivulini. Mbegu mpya huota ndani ya wiki moja hivi, na mche huonyesha kitumbo chake ukiwa bado na majani mawili. Kila unapouhamisha kwenye mkebe mkubwa, upandishe kidogo ili sehemu iliyovimba itokeze juu ya udongo.

KICHAKA SI DUKA

Ni rahisi kutoka nje ya kambi na jembe na kurudi na mmea wa miaka thelathini. Tusifanye hivyo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa biashara baada ya kuharibiwa vibaya na wavuna utomvu, na kanuni za mwaka 2007 zikaweka utaratibu wa leseni na wa kuilima badala ya kuing'oa. Mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara ya mishubiri yote isipokuwa alovera ya kawaida, na pia yuforbia zinazohifadhi maji. Afrika Kusini imeonja matokeo ya uzembe. Tangu 2019 hivi, mamia ya maelfu ya mimea midogo iliyong'olewa jangwani kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo imenaswa na polisi, na baadhi ya aina zimebaki chache sana katika asili yake.

Kichaka cha Dagahaley kimeshabeba mzigo mkubwa: kuni za miaka zaidi ya thelathini, mifugo, na mti wa mathenge unaosambaa kila mahali. Kuchukua mbegu chache au tawi moja hakukiumizi. Kung'oa mmea mzima hukinyang'anya mzazi ambaye hatarudi kwa miaka mingi.

BUSTANI INAYOBEBEKA

Dagahaley ilifunguliwa mwaka 1992 kuwa makao ya muda. Mwezi Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba Dadaab yote ingefungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema uamuzi huo unakiuka Katiba. Machi 2021 tangazo la kufunga likatolewa tena. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Wakimbizi, na mwaka 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanahudumiwa pamoja. Watu wamezaliwa, wakaoa na kulea watoto kati ya matangazo hayo. Si ajabu mtu kusita kupanda kitu asichojua kama ataketi chini ya kivuli chake. Mkebe unamwondolea kusita huko. Akibaki, mmea unanenepa mwaka baada ya mwaka. Akihama, anaubeba kwa mkono mmoja, na hauhitaji maji njiani.

Uzoefu wa kupanda kambini upo. Shirika la Ujerumani la GTZ lilisaidia kuanzisha mikanda ya kijani iliyozungushiwa ua, na bustani za magunia ziliwapa akina mama mboga kwa maji machache. Vitalu vya miche vimetoa miarobaini kwa maelfu. Ombi langu kwa wanaoendesha vitalu hivyo, na kwa serikali ya Kaunti ya Garissa, ni kuongeza safu moja ya mishubiri, mikonge na mawaridi ya jangwani yaliyooteshwa kwa mbegu. Kijana anayejua kuotesha waridi hadi likaonyesha shina nene ana bidhaa inayovumilia safari ndefu ya lori hadi Garissa mjini na Nairobi, jambo ambalo nyanya haiwezi. Atakuwa anauza mmea wa nchi yake kwa watu wanaoununua wakidhani umetoka Asia.

Hilo litachukua muda na makaratasi. La leo ni dogo. Mwenye mshubiri uliozaa pembeni amtengee jirani kichipukizi kimoja, amwonyeshe jinsi ya kutoboa mkebe kwa msumari, na amkataze kumwagilia kila siku. Kabla gu haijafika kitakuwa kimeshika mizizi, na bloku yao itakuwa na watu wawili wanaojua kazi badala ya mmoja.